Potasiamu ya 14: namna ya kusomea mtihani wa maabara

Chukua fomu ya majibu yenye namba hizi: sodiamu 141, potasiamu 14.2, kalsiamu 0.6, zote kwa mmol/L, na kimeng'enya cha ALP kiko chini ya kawaida. Mgonjwa mwenyewe amekaa kwenye benchi nje, anaongea na jirani yake. Unafanya nini?

Aliyekariri viwango vya kawaida ataona potasiamu imepita 5, atakumbuka kwamba potasiamu ikipanda sana moyo husimama, na atachagua jibu la kumpigia daktari simu mara moja. Hapo amekosa alama. Mtu mwenye potasiamu ya 14 hawezi kukaa kwenye benchi akaongea. Damu hii imeingiliwa na EDTA ya potasiamu, chumvi ya kuzuia damu isigande, kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau. Chumvi ile imeleta potasiamu yake, kisha EDTA ikashika kalsiamu, ikashika na magnesi na zinki, ambazo ALP haifanyi kazi bila hizo. Namba tatu zimeharibika kwa sababu moja, na sodiamu imebaki salama kwa kuwa chumvi ile haina sodiamu. Jibu sahihi ni kuyazuia majibu hayo na kuomba sampuli mpya.

Ndiyo maana ninawasihi mnaojiandaa na mtihani wa usajili, uwe wa Tanzania, wa Kenya au wa ASCP, chama cha patholojia cha Marekani: msianze na viwango vya kawaida. Kila kipimo kisomeni kwa swali moja, kwamba ni kitu gani kinaweza kukifanya kidanganye. Viwango vya kawaida utavizoea kwa kuviona kila siku. Sababu za majibu ya uongo hazizoeleki hivyo, ni lazima uzielewe moja moja, na mgonjwa anaumia hapohapo mtahiniwa anapofelia.

Tubaki kwenye potasiamu kidogo, maana ni mwalimu mzuri. Potasiamu juu na kalsiamu chini: fikiria EDTA. Potasiamu juu, LDH na AST (vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli) juu, seramu ina rangi ya waridi au nyekundu, kalsiamu haijaguswa: seli nyekundu zimepasuka, pengine kwa sindano nyembamba, kuvuta bomba kwa nguvu, au kutikisa chupa badala ya kuipindua taratibu. Potasiamu juu na sukari chini, seramu safi: damu imekaa muda mrefu mahali penye joto bila kutenganishwa. Seli zimekula sukari, kwa kasi ya asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na ilipoziishia, pampu za kwenye utando wa seli zikakosa nguvu, potasiamu ikavuja. Potasiamu juu lakini sukari iko sawa na hakuna dalili ya kupasuka: uliza kama chupa iliwekwa kwenye friji kabla ya kuzungushwa. Baridi hupunguza ulaji wa sukari, lakini husimamisha zile pampu vilevile. Na kama kila kitu kingine ni kizuri, potasiamu imepanda kidogo tu, inawezekana mgonjwa aliambiwa akunje na kukunjua ngumi huku mkanda umekaza mkononi. Mkanda usizidi dakika moja.

Sasa mpangilio wa kujaza chupa unaeleweka bila wimbo wa kukariri. Chupa za kuotesha bakteria hutangulia kwa sababu ya usafi. Ya bluu yenye sitreti hufuata, kabla ya nyekundu au njano ya seramu, kwa kuwa hizo za seramu huwa na kichochezi cha kugandisha, na tone lake likiingia kwenye ya bluu kipimo cha kuganda kimeharibika. Kisha kijani ya heparini, kisha zambarau ya EDTA, mwisho kijivu ya floridi. Zambarau iko nyuma kwa ajili ya ile potasiamu ya 14. Kijivu iko nyuma ya zote kwa sababu floridi huzuia vimeng'enya, na hiyo ndiyo kazi yake kwenye sukari. Lakini floridi huchukua saa moja hadi mbili kufikia nguvu kamili, kwa hiyo sukari hushuka kidogo hata humo.

Chupa ya bluu ina kosa lake ambalo wengi hulipita. Ndani mna 0.3 mL ya sitreti ya asilimia 3.2, inasubiri damu 2.7 mL, yaani sehemu moja kwa tisa. Ukiijaza nusu, sitreti inazidi. Ile ya ziada inashika kalsiamu ambayo kitendanishi kilikuja nayo ili kuanzisha mgando, na PT na aPTT, vipimo vya muda wa damu kuganda, zinatoka ndefu kwa mtu mzima wa afya. Kosa hilohilo hutokea hata chupa ikiwa imejaa vizuri, kama hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu, imepita asilimia 55, maana plazma iliyomo ni kidogo. Hapo sitreti inapunguzwa kwa hesabu hii: 0.00185 × (100 − hematokriti) × ujazo wa damu. Kwa hematokriti ya 60 na damu 2.7 mL unapata 0.00185 × 40 × 2.7, yaani 0.20 mL. Basi toa 0.1 mL kwenye chupa kabla ya kuweka damu. Fanya hesabu hiyo kwa mkono mara tatu nne hadi ikae.

Upande wa damu, jifunze kukagua namba za mashine kabla ya kuziamini. Kwa mtu ambaye seli zake zina ukubwa na rangi ya kawaida, seli nyekundu mara 3 inakaribia himoglobini, na himoglobini mara 3 inakaribia hematokriti, tofauti isizidi 3. Seli milioni 4.5, himoglobini 13.5, hematokriti 40.5. Usiitumie kwa mwenye upungufu wa chuma au talasemia, kwake kanuni haishiki na hilo si kosa la mashine.

Tazama sasa hizi: seli nyekundu 2.10, himoglobini 12.0 g/dL, hematokriti 23.5. Kokotoa mwenyewe. MCV, wastani wa ukubwa wa seli nyekundu, ni 23.5 × 10 ÷ 2.10, sawa na 112. MCHC, wingi wa himoglobini ndani ya seli, ni 12.0 ÷ 23.5 × 100, sawa na 51. Seli nyekundu haiwezi kubeba himoglobini kiasi hicho, na MCHC ikipita 36 au 37 hivi shuku kipimo kwanza. Hapa kingamwili za baridi zimezishikanisha seli mbilimbili na tatutatu. Mashine inahesabu kishada kama seli moja kubwa, hivyo idadi inashuka na MCV inapanda. Himoglobini haijadanganya, kwa sababu kabla ya kupimwa seli zote hupasuliwa. Weka chupa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 30, kisha pima haraka. Ukipata seli 4.00, hematokriti 36.0, MCV 90 na MCHC 33.3, umeshinda. Kama joto halikubadilisha kitu, zungusha chupa uitazame plazma: ikiwa nyeupe kama maziwa, ni mafuta, na hapo anayedanganya ni himoglobini, kwani mashine inaipima kwa mwanga na mafuta yanauziba mwanga huo. Tofauti ya hao wawili iko hapo: nani mwongo, seli au himoglobini?

Chembe sahani zikitoka 40 (elfu kwa mikrolita) kwa mgonjwa asiyevuja damu popote, angalia slaidi kwenye ncha ya mpako. Ukikuta mafungu yamelala pamoja, EDTA ndiyo iliyoyakusanya. Chukua damu upya kwenye sitreti na uzidishe jibu kwa 1.1, kufidia ule ujazo wa sitreti. Na ukiona seli nyekundu changa zenye kiini, rekebisha seli nyeupe: hesabu × 100 ÷ (100 + idadi ya changa kwa kila nyeupe 100). Nyeupe 18.0 na changa 50 inakuwa 12.0. Kuhesabu kwa chemba ya Neubauer nako kusikutishe: damu imechanganywa 1 kwa 20, umehesabu miraba minne mikubwa ya pembeni, kina ni 0.1 mm, basi zidisha ulichohesabu kwa 50. Seli 120 ni 6,000 kwa mikrolita.

Malaria inastahili muda wako kwa sababu ndiyo slaidi utakayoisoma kuliko zote ukifanya kazi kwetu. Tone nene halifikswi (haligandishwi kwenye slaidi) kwa methanoli. Ukilifiksi, seli nyekundu hazipasuki, na chini ya hadubini unakuta zulia tu. Tone jembamba lazima lifikswe. Yote mawili yakiwa kwenye slaidi moja, iinamishe ili methanoli isilifikie tone nene, hata mvuke wake. Slaidi iliyokaa siku kadhaa kwenye joto, au iliyokaushwa juu ya moto, hujifiksi yenyewe, na wengi huishia kuilaumu rangi ya Giemsa. Giemsa ya asilimia 10 ni sehemu 1 ya rangi na 9 za maji yenye pH 7.2, iache dakika 10, na itengenezwe kila unapohitaji. Maji yakiwa na asidi, picha inakuwa nyekundu na viini vya seli nyeupe vinapauka. Yakiwa na alkali, kila kitu ni buluu. Mabaki ya rangi yasiyochujwa hudondoka kwenye slaidi na kuonekana kama vimelea kwa msomaji mchovu. Kimelea wa kweli ana vitu viwili pamoja, kiini chekundu na sitoplazma ya buluu. Usitangaze slaidi haina vimelea kabla ya kupita nyanja 100.

Kuhesabu kunakwenda hivi. Hesabu vimelea huku ukihesabu seli nyeupe. Zikifika nyeupe 200 na vimelea ni 100 au zaidi, ishia hapo. Vikiwa 99 au pungufu, endelea hadi nyeupe 500. Kisha vimelea × 8,000 ÷ nyeupe ulizohesabu. Mfano: kwenye nyeupe 200 ulikuwa na vimelea 34, ukaendelea, kwenye 500 umepata 88. Jibu ni 1,408 kwa mikrolita. Ile 8,000 ni makadirio tu. Mgonjwa ambaye nyeupe zake halisi ni 4,000 ana vimelea 704, nusu ya ulichoandika. Ukipewa idadi halisi kwenye swali, itumie.

Makohozi nitayapita haraka. Kwa Ziehl-Neelsen, njia ya kuwapaka rangi bakteria wa kifua kikuu, pasha rangi hadi mvuke utoke, isichemke. Hakuna bakteria kwenye nyanja 100 ni hasi, 1 hadi 9 kwenye nyanja 100 unaandika idadi yenyewe, 10 hadi 99 kwenye 100 ni 1+, 1 hadi 10 kwa kila nyanja ni 2+ baada ya kuangalia 50, zaidi ya 10 kwa kila nyanja ni 3+ baada ya 20. Kwa Gram, upakaji rangi unaowagawa bakteria kuwa chanya na hasi, hatua ya kuondoa rangi ndiyo inayoua watu. Ukizidisha sekunde chache, bakteria chanya wanageuka hasi, na koloni iliyozeeka hufanya vivyo hivyo hata ukiwa mwangalifu. Mpako mnene hufanya kinyume: rangi haitoki, hasi wanaonekana chanya. Mkojo uliokaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida: pH inapanda, sukari inashuka, seli zinayeyuka, na bilirubini inaharibiwa na mwanga. Vitamini C nyingi huficha sukari na damu kwenye kijiti.

Udhibiti ubora ndio sehemu ambayo watahiniwa wazuri hupotezea alama kwa kudhani ni mambo ya mkuu wa maabara. Chukua sampuli ya udhibiti ya sukari, ile ambayo jibu lake linajulikana, yenye wastani 5.50 na mkengeuko sanifu 0.15. Mipaka ya mikengeuko miwili ni 5.20 na 5.80, ya mitatu ni 5.05 na 5.95. Jumatatu umepata 5.58, sawa. Jumanne 5.84: umepita mikengeuko miwili, hilo ni onyo, kagua. Jumatano 5.86. Mara mbili mfululizo, upande uleule, juu ya mikengeuko miwili. Kwa kanuni za Westgard hiyo ni kukataa, na ni kosa la mfumo, si la bahati mbaya, kwa hiyo tafuta kwenye ukalibrishaji na vitendanishi. Zingekuwa sampuli mbili za mzunguko mmoja, moja +2.3 na nyingine −2.2, hilo nalo ni kukataa, lakini la bahati nasibu: kipovu cha hewa, pipeti inayovuja, umeme uliocheza. Namba moja ikipita mikengeuko mitatu, kataa. Nne mfululizo upande mmoja nje ya mkengeuko mmoja, kataa. Kumi mfululizo upande mmoja wa wastani, kataa, hata kama kila moja kwa macho inaonekana nzuri.

Umbo la chati linakuambia pa kushika. Nukta zilizoruka ghafla na kukaa mahali papya zinatokana na kitu kilichobadilika siku hiyo, kama toleo jipya la vitendanishi au ukalibrishaji. Nukta zinazopanda au kushuka polepole siku baada ya siku zinatokana na kitu kinachochakaa: taa ya mashine, au kitendanishi kinachopungua maji kwa kuachwa wazi.

Kuna tabia moja ambayo naomba muikatae kazini na kwenye karatasi ya mtihani: kurudia sampuli ya udhibiti mpaka iingie ndani ya mipaka. Kwa mikengeuko miwili, hata mashine nzima itatoka nje karibu mara 1 kati ya 20. Upande wa pili wake ni kwamba mashine mbovu nayo itaingia ndani ukiirudia vya kutosha. Ulichopata hapo ni bahati, na wagonjwa wa asubuhi nzima wanapewa majibu kwa bahati hiyo.

Hesabu ya usahihi wa kipimo nayo iwekeni kwa watu badala ya fomula. Watu 10,000, wenye ugonjwa ni 100. Kipimo kinakamata asilimia 99 ya wagonjwa na kinawaachilia asilimia 98 ya wazima. Wagonjwa 99 wanapata chanya, mmoja anapita. Wazima ni 9,900, asilimia 2 yao wanapata chanya ya uongo, yaani 198. Chanya zote ni 297 na za kweli ni 99, theluthi moja. Kipimo kizuri sana, na bado wawili kati ya watatu walioambiwa chanya ni wazima. Hapo utaelewa kwa nini WHO inataka vipimo vitatu mfululizo vyenye majibu chanya kabla ya kumwambia mtu ana VVU.

Benki ya damu nimeiacha hadi sasa kwa sababu haina nafasi ya kukosea. Kundi husomwa pande mbili, seli za mgonjwa na seramu yake, na pande hizo lazima zikubaliane. Seli zimeshikana na kinga-A (kingamwili za kushika A) 4+, na kinga-B 0. Seramu imeshikana na seli za B 4+, sawa, lakini na seli za A1 imeshikana 1+. Haipatani, basi hakuna kundi la kuandika bado. Jambo la kwanza kufikiria ni kwamba huyu ni A2 aliyetengeneza kinga-A1. Jaribu seli zake na lektini (protini ya mmea) ya Dolichos biflorus: A1 hushikana, A2 hapana. Jaribu na seramu yake kwenye seli za A2: zisiposhikana, umepata. Mtoto mchanga usimpime upande wa seramu, hajaanza kutengeneza kingamwili zake. Na seli zilizolala kama safu ya sarafu si mshikamano wa kweli. Toa seramu, weka salaini, zitatawanyika.

Kwenye kipimo cha kutafuta kingamwili kwa kitendanishi cha AHG (kinachoshika kingamwili za binadamu zilizokaa juu ya seli), kila neli iliyotoka hasi inaongezwa seli za uhakiki, zile zilizokwisha vikwa kingamwili. Zikishikana, hasi yako ni ya kweli. Zisiposhikana, jibu si hasi, ni batili. Mara nyingi hukuosha vya kutosha, kingamwili huru za seramu zikabaki na kuimaliza AHG kabla haijafika kwenye seli, au ulisahau kuiweka kabisa. Rudia tangu mwanzo. Swali la namna hii huwa na chaguo la kuvutia lisemalo mpe mgonjwa damu kwa kuwa neli zote ni hasi. Litazame vizuri hilo.

Hesabu ndogondogo zifanyeni kila siku. Klorini ya asilimia 3.5 kuifanya 0.5: gawa 3.5 kwa 0.5, toa 1, unapata sehemu 6 za maji kwa 1 ya dawa. Nguvu ya mashine ya kuzungusha: 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika mara yenyewe. Sentimita 15 na mizunguko 3,000 ni kama 1,509 g. Mashine mbili zenye mizunguko sawa na vipenyo tofauti hazifanyi kazi sawa, ndiyo maana maelekezo mazuri huandikwa kwa g.

Kwa mliosomea Afrika Mashariki na mnafanya MLS ya ASCP (mtihani wa wanasayansi wa maabara), ni maswali 100 kwa saa mbili na nusu, sekunde 90 kila moja, alama ya kufaulu 400 kati ya 999, na kompyuta huongeza ugumu unapopatia, kwa hiyo msivunjike moyo maswali yakizidi kuwa magumu. Shida yenu kubwa itakuwa vipimo vya mg/dL. Sukari gawa kwa 18: 126 ni 7.0. Kreatinini zidisha kwa 88.4: 1.2 ni 106. Bilirubini zidisha kwa 17.1. Urea ndiyo yenye mtego, kwa kuwa Wamarekani huripoti nitrojeni iliyomo kwenye urea, si urea yenyewe. Zidisha namba yao kwa 0.357 upate mmol/L za urea: 28 yao ni 10 yetu.